Asiyetajwa Nyumbani kwa Bi Müzeyyen

Tangu Tarık atoroke na mke wa mwoka mikate, jina lake halikutamkwa tena nyumbani kwa mama yake, Bi Müzeyyen, mjini Amasya, Uturuki. Hata hivyo alizungumziwa kila siku.

"Kifua kimembana tena," mama alikuwa akisema, huku akimenya viazi.

"Na bado anavuta," alikuwa akijibu Handan, bintiye.

Hawakuulizana nani. Aliye moyoni hatajwi; anayeitwa "yeye" ni mtu wa nje. Bi Müzeyyen, mjane wa hakimu, mwanamke aliyesoma hadi chuo, alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

Jumamosi moja ya theluji, Bi Bedriye alikuja kumposa Handan kwa ajili ya mwanawe, daktari wa meno. Handan alikuwa amevuka thelathini, na posa zilikuwa zimekauka. Yeye mwenyewe akaleta kahawa, kama ilivyo desturi ya anayeposwa.

"Maşallah, povu hilo! Mwanangu atanenepa mpaka viti vilalamike," Bedriye alicheka. Kisha akashusha sauti. "Lakini dada yangu, mji huu midomo haina kufuli. Mwanao wa kiume je?"

Bi Müzeyyen angeweza kusema tu, "Yuko İzmir, hajambo." Akanyoosha mgongo.

"Yeye? Yeye ana yake, sisi tuna yetu. Mlango huu haumjui."

"Sasa tumeelewana," Bedriye alisema, akainua kikombe.

Handan alikuwa bado amesimama na sinia.

"Anaitwa Tarık," alisema. "Ni kaka yangu. Siku ya harusi yangu atanifunga utepe mwekundu kiunoni, kama kaka wa bibi harusi yeyote. La sivyo, sitoki nyumba hii."

Bedriye alirudisha kikombe hakijanywewa. "Binti ana ulimi," alisema, akitafuta koti lake. "Mungu akupe subira, dada."

Mlango ulipofungwa, Bi Müzeyyen alisema, "Hatakuja mwingine. Umri wako unaujua?"

"Naujua, mama."

"Na jina la baba yako? Hulionei huruma?"

"Ndilo jina analotembea nalo Tarık huko aliko."

"Usinitajie!"

Jioni walikula supu ya dengu. Upepo ulipiga madirisha. Mama alifungua kinywa, akakifunga. Mwana aliyemwita "yeye" mbele ya mgeni, hakuweza tena kumzungumzia bila kumtaja jina, na kumtaja alishindwa. Handan aliona, hakumsaidia. Akakusanya bakuli, akaenda kuosha.