Baridi ya Julai na Moyo wa Baba Mkwe

Nakumbuka Julai moja pale Umoja, mwanangu, ambapo jua lilipotea karibu wiki tatu nzima. Wewe unaiona baridi ya Nairobi kama kitu cha kunung'unikia tu asubuhi ukienda kazini. Mimi iliniondolea baba mkwe. Naisema hivyo ingawa wapo walionifariji kwamba siku zake zilikuwa zimefika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami ni mke mchanga mwenye mtoto wa miezi minane. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Baba yake alitoka Busia, kwenye joto, kuja kutibiwa moyo. Ulikuwa umepanuka, miguu inamvimba, na akitembea kidogo inabidi asimame apumzike. Hospitali ikampa vidonge na tarehe ya kurudi. Daktari akasema mzee asipigwe na baridi, na mume wangu akanipa ujumbe huo kabla hajashika njia ya Mombasa.

Sasa, kwetu Waluhya baba mkwe halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Basi tulimtandikia katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba, ambacho mume wangu alikijenga akitarajia kukipangisha. Alikuwa na shuka na blanketi jepesi alilokuja nalo. Blanketi zito lilikuwa moja tu, la kitanda chetu, na hilo kwa mila haliwezi kumfunika mkwe. Hata kulitaja mbele yake ningeona aibu.

Mazungumzo yetu yenyewe yalipitia kwa mtoto. Mzee akimaliza kikombe humwambia, "Nekesa, mwambie mama yako chai ni tamu." Nami nimesimama mlangoni, macho chini, namjibu mtoto, "Mwambie babu ashibe." Usicheke. Tulipendana hivyo hivyo.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta amejikunyata kitini, anajisugua kifua, vidole vimepauka. Akamtazama mtoto.

"Nekesa, mwambie mama yako Nairobi yenu ina baridi."

Nilisikia, na nilielewa. Mzee mwenye heshima zake asingeweza kusema zaidi ya hapo. Lakini nilijifanya ni maneno ya kupitisha wakati tu. Nikamwongezea tangawizi kwenye chai. Jioni nikampelekea jiko la makaa, nikalitoa kabla hajalala kwa kuogopa hewa ya sumu ya makaa, nikajiambia mume wangu akirudi kesho kutwa ataona la kufanya.

Asubuhi iliyofuata mlango wake haukufunguliwa. Nilibisha sana, uji unapoa mkononi, nami siwezi kuingia alipolala mkwe. Nikakimbia kumwita Mama Mutua, jirani yetu Mkamba, mtu mzima wa umri wa mama yangu. Aliingia yeye. Alipotoka aliketi kizingitini kwanza.

"Mzee ametuacha," akasema. "Amelala na koti lake na viatu."

Nililia mpaka mtoto naye akalia. Mama Mutua alingoja nimalize.

"Alikuwa akisikia baridi?"

"Alisema, mama."

"Alimwambia nani?"

"Mtoto."

Akanyoosha kidole kuelekea nyumba yake. "Mimi nina mablanketi matatu yamekunjwa kwenye sanduku. Kutoka hapa hadi kwangu ni hatua ngapi? Hiyo mila yenu ilikukataza kubisha mlango wangu?"

Haikunikataza. Ilinikataza blanketi moja tu, hayo mengine nilijikataza mwenyewe. Niliona haya siku ile, na naona haya hadi leo.

Baadaye daktari alimweleza mume wangu kwamba baridi hubana mishipa ya damu, presha ikapanda, na moyo uliochoka ukalazimika kusukuma kupita nguvu zake. Alisema kila msimu wa baridi wanawapokea wengi wa namna hiyo, na joto kali nalo likija linawachosha wengine, hasa wasiokunywa maji ya kutosha. Hakusema kama blanketi lingemwokoa mzee. Sikupata kujua.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukiwa na mgonjwa wa moyo nyumbani, Juni isikukute hujajiandaa. Mvike soksi na kofia, mwogeshe kwa maji ya moto, ziba nyufa za mabati, jiko lisilale naye chumbani. Jua likiwa kali mweke kivulini, na umuulize daktari anywe maji kiasi gani. Na mkwe wako akisema kuna baridi, hata akimwambia mtoto, hata akiuambia ukuta, jua amekuambia wewe. Heshima mpe yote, kisha utoke ukamtafutie blanketi kwa yeyote aliye nalo.

Mungu akutunzie wazee wako mpaka wakuchoshe kwa hadithi zao. Na haya ikikushika, akupe miguu ya kwenda kwa jirani.