Mwalimu Kidole na wiki ya thelathini na moja

Saa mbili kasorobo asubuhi, darasa la kwanza linabishana kuhusu paka wa shule, mhusika wa hadithi zao nyingi. Kwamba jana aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, hilo halina ubishi. Ubishi ni alifanya nini na mkate uliokuwa mezani.

“Aliiba!” linapiga kelele kundi la dirishani.

“Hakuiba, alionja tu,” anasema msichana mmoja wa mbele, kwa sauti ya wakili aliyelipwa vizuri.

“Alionja,” mwalimu anarudia, kalamu nene mkononi. “Neno hilo linaingia.”

Analiandika kwa herufi kubwa mgongoni mwa kalenda ya mwaka uliopita. Hadithi ikifika mwisho anaweka kidole chini ya neno la kwanza, na watoto hamsini na wanane wanaisoma yote, kidole kikitembea na sauti zao. Herufi zote bado hawajazijua. Kilichoandikwa wanakijua, kwa sababu wao ndio waliokisema.

Ndiyo maana shule nzima inamwita Mwalimu Kidole. Ana miaka hamsini na moja, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia katika darasa la kwanza. “Nimerudia darasa kuliko mwanafunzi yeyote hapa,” anasema.

Upande wa pili wa ukuta, darasa jirani linaimba ba be bi bo bu. Mwalimu Kidole anatikisa kichwa kwa mapigo kama mtu anayesikia wimbo wa ujana wake.

“Hata mimi niliimba hivyo mwaka mzima. Nilikuwa kwaya safi kabisa. Kusoma sasa, hapo ndipo palipokuwa na shida.”

Kwa miaka mitatu amekuwa akiandaa mtaala wake wa kusoma ndani ya faili la buluu lililofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Una wiki thelathini na sita, na kila wiki ina hadithi yake. Watoto wanaisikiliza, wanaisimulia kwa maneno yao, inaandikwa, wanaisoma nzima. Baada ya hapo ndipo wanaingia ndani yake kusaka silabi.

“Silabi nafundisha, tusisingiziane. Ila nataka mtoto aikute silabi iko kazini, siyo imesimama kwenye foleni na wenzake.”

Alianza na vitabu kumi na moja. Viwili havikuwa na jalada, na kimoja kilikuwa kimeng’oka kurasa za mwisho. Watoto walikitungia miisho minne, wakagombana wiki nzima upi ndio wa kweli.

Katika chumba cha walimu alichekwa mpaka akazoea. “Mwalimu Kidole, yule paka wako ameshapata cheti?” alikuwa akiuliza mwalimu wa hesabu kila asubuhi, kabla hata ya salamu. Mwaka jana darasa lake lilipopewa hadithi ngeni, watoto arobaini na mmoja waliisoma hadi mwisho. Darasa jirani walifika ishirini na watatu. Mwalimu wa hesabu bado anauliza habari za paka, ila siku hizi anasalimia kwanza.

Mwalimu mkuu, ambaye mkate wake ndio ulioonjwa, amemwambia alete faili likiwa limekamilika kabla shule haijafungwa, wiki tano kutoka sasa. Ofisi ya elimu ikilikubali, mwakani madarasa yote ya kwanza yatalitumia.

“Lakini lina shimo,” anasema mwalimu mkuu. “Wiki ya thelathini na moja haina kitu. Nimemwambia, aweke chochote pale. Mama huyu ana kichwa kigumu, we acha tu.”

Wiki ya thelathini na moja ni ya barua.

“Chochote?” Mwalimu Kidole anacheka. “Niwape ‘Rafiki mpendwa, hujambo, mimi sijambo’? Mtoto anaijua barua ya uongo hata kabla hujamaliza kuikunjua. Mimi barua ya kweli naijua moja tu, na siyo yangu. Ni ya mama.”

Baba yake aliondoka kwenda kujenga reli, yeye akiwa na miaka minne. Zilikuja barua nne, kisha kimya. Mchwa walikula tatu. Iliyobaki ina mistari kumi na saba.

Mama yake hakujua kusoma. Msomaji wa mtaa alikuwa fundi cherehani, mzee aliyesoma barua za watu huku pini zikiwa mdomoni. Mama alirudi kwake siku baada ya siku kusomewa ileile, mpaka ikamkaa kichwani yote. Jioni aliikunjua mapajani na kuitamka, macho yakiwa ukutani.

“Nikiwa na miaka tisa, nikaanza kuweka kidole,” anasimulia Mwalimu Kidole. “Mama anasema, mimi nafuata. Anasema ‘shamba’, nami naliona shamba lilivyo. Mwaka mzima wa kuimba haukunipa kitu, barua moja ikanipa kusoma. Mtaala wangu wote umetoka pale.”

Anafunga mpira wa faili na kuufungua tena.

“Halafu siku moja kidole na sauti vikaachana. Mama anasema maneno ambayo kidole hakiyaoni. Nikadhani nimeruka mstari. Tukaanza upya, vikaachana palepale. Nikakunja karatasi, nikasema nimechoka.”

Alikaa na siri hiyo miaka zaidi ya thelathini. Hakujua kwamba mama naye alikuwa na ya kwake.

Alhamisi saa kumi alasiri, nyumbani kwao, mgeni, mwandishi wa gazeti hili, anaelekea kukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango.

“Si hicho!” mama na binti wanasema kwa pamoja.

Mama ana miaka sabini na minne, na sauti ya kuvukisha watu barabara. Anaeleza mwenyewe, bila kubembelezwa. “Fundi alipokuwa anahama, alikuja kuniaga. Akasema, ‘Mama, ile barua niliitia pindo kidogo.’ Basi. Maneno yapi ndiyo pindo lake, hakusema, na mimi sikuuliza. Fundi yule, nguo isiyo na pindo ilikuwa inamuumiza roho.”

Hakumwambia binti yake, akihofia kumvunja moyo. Binti naye hakumwambia mama, kwa hofu hiyohiyo. Mambo yalifichuka mwaka juzi, pale mwalimu alipoomba barua kwa ajili ya faili.

“Nikamwambia haiwezi kusomwa na watoto hamsini na wanane kabla sijaisoma mimi mwenye mume. Nikamwambia pia, wewe unayejua pindo lilipo, nyamaza. Nitalitafuta mwenyewe.”

Tangu siku hiyo, mama ni mwanafunzi. Alipitia hadithi za faili moja baada ya nyingine, kuanzia wiki ya kwanza, na ya paka wa leo amekwisha kuidai. Barua anaisoma mstari mmoja kwa wiki, kila Alhamisi.

Mwalimu anaweka juu ya karatasi kipande cha boksi kilichokatwa tundu. Neno moja tu linaonekana. Bila hilo, mama angekariri.

“Shati,” anasoma mama. “Shati… uliloshona… limenifika.”

“Hapo umekariri. Nimekuonyesha maneno mawili tu.”

“Limefika,” mama anajirekebisha, na uso wake unafunguka. “Kumbe aliandika ‘limefika’. Shati limefika. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwanangu. Huyu hapa ndiye yeye.”

“Twende wa kumi na tatu?”

“Leo inatosha.”

“Mama, hadithi za darasani unasoma mbili kwa siku. Hapa unajivuta makusudi.”

“Mwalimu gani wewe, unamgombeza mwanafunzi mbele ya wageni?”

Kwa jinsi mama anavyoijua barua, baada ya shati kinakuja kiti: *Nitarudi. Kiti changu kiache karibu na mlango.* Imebaki mistari mitano. Maneno aliyonayo kichwani, anasema, hayawezi kuenea humo yote. Ameshapiga hesabu. Mengine ni ya mume wake, mengine ni ya fundi.

Mwalimu anajua ni yapi. Gazeti hili halitasema, kwa sababu litasomwa kwa sauti ndani ya chumba hiki.

Mistari mitano, wiki tano. Mwalimu Kidole ameshakata kalenda ya kuandikia barua ile, kubwa, ya kuonekana hadi dawati la nyuma, na ameiviringisha juu ya kabati. Anachotamani ni kuwaona watoto wakiisoma kama baba yake alivyoiandika, na mama yake akiwa amekaa nao benchi la mbele, akisoma kwa macho yake.

“Na ukikuta kiti hakimo?” anaulizwa mama.

Anaikunja barua kwenye mikunjo yake ya zamani, taratibu, na kuitazama ile nafasi ya mlangoni.

“Nitajua kiti nilikiweka mimi,” anasema. “Mwambie mwalimu mkuu avumilie. Kwa kusubiri, mimi nimemtangulia mbali.”