Mama wa Michembe na Ukuta wa Udongo

Mimi sijui kutulia. Niliposikia kwamba gulio la karibu na mgodi wa Bulyanhulu litahamishiwa kwenye jengo jipya la bati la bluu, nililala vibaya wiki nzima. Nilijiambia nisipowahi kila kitu kitapotea, kana kwamba wauza michembe wale walikuwa wakiningoja mimi nije kuwaokoa.

Nilifika asubuhi kwa bodaboda, nikaanza kupiga picha kabla hata sijashuka. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akipanga michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, kila fungu na kipande cha nyongeza juu. Uso wake ulinifaa. Nyuma yake sasa, balaa: bango la simu, kibanda cha wakala, pikipiki tatu.

"Shikamoo mayu," nilimwamkia, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Naomba usogee pale, kwenye ule ukuta wa udongo."

"Marahaba. Pale si kwangu, mwanangu. Pale ni kwa muuza vyungu, leo hajaja."

"Dakika moja tu."

Ikawa nusu saa. Hata kandambili zake za plastiki nilimwomba avue. Picha ilitoka nzuri mno, nami nikampelekea nakala huku nikijisifu.

Miezi michache baadaye kamati ya soko ikaanza kugawa meza. Wenye maeneo ya siku zote ndio waliotangulia, ila ilibidi waoneshe walikokuwa wakikaa. Mama akapeleka picha yangu, ameifunga kwenye kitenge. Muuza vyungu akaja juu: huyu amekaa kwangu! Mama akaeleza kwamba mpiga picha ndiye aliyemsogeza. Wakamcheka, wakamwambia picha haisemi uongo. Majirani zake nao walikuwa wakigombea meza hizo hizo, hakuna aliyefungua mdomo.

Habari ziliponifikia nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, nikabwata, nikamwonesha picha nyingine zote. Orodha ilikwishafungwa, jina la mama halimo. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

Nilimkuta mama kando ya barabara ya malori ya mgodini, vumbi likitua juu ya michembe. Nilimwamkia. Macho yake yakatua kwenye kamera yangu. Akavua kandambili, akaziweka pembeni, akaniuliza bila kejeli yoyote:

"Haya, leo nikae wapi?"