Kifuniko Ni cha Mume Wangu, Saa Si Yake

Mhariri wa ukurasa huu, tafadhali jina langu usiliweke, wala usiseme nyumba yangu iko upande gani wa Kaloleni. Hapa Kisumu watu ni wadaku, na mama mkwe wangu huko nyumbani husomewa gazeti. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minane. Nina watoto watatu, nashona nguo, namwamini Mungu, na siku hizi sipati usingizi.

Mume wangu alifanya kazi bandarini. Uhuru ulipokuja, Mzungu aliyekuwa mkubwa wake alirudi kwao, akamwachia saa ya mkononi ya Uswisi, ya dhahabu. Jamani, alivyoringa nayo! Hata kanisani alikunja mkono wa shati ili mchungaji aione. Ilikuwa ya aina ile inayojitia ufunguo yenyewe mkono ukitembea. Ikisimama, aliitikisa tu kando ya sikio, ikaanza, naye akacheka.

Alipotea ziwani, miaka minane imepita. Alikuwa amekwenda ng'ambo ya ghuba kumwona dada yake, na motaboti aliyopanda kurudi ikapinduka. Siku za kwanza hakuonekana, na wazee wakaanza kuzungumza habari za yago. Hilo ni tunda refu la mti wa porini, ambalo sisi Wajaluo huzika mahali pa mtu ambaye mwili wake umepotea, ili roho yake itulie. Nilipolisikia neno hilo nililia upya. Nizike tunda, niwaambie watoto huyu ndiye baba?

Kisha maiti ikaletwa na mawimbi. Maji yalikuwa yameiharibu, na sisi wanawake tukakatazwa kuiona. Lakini mkononi ilikuwa na saa ya dhahabu. Polisi wakamwita fundi aliyekuwa akimtengenezea mume wangu, kwa sababu mafundi wa saa hukwaruza alama yao na namba ya mteja ndani ya kifuniko cha nyuma kila wanapoifanyia kazi. Akakifungua, akakitazama, akasema, "Hii ni mkono yangu. Hii kifuniko ni ya yule bwana wa bandari." Hakutazama kingine. Shemeji yangu akakubali, tukamchukua, tukamzika nyumbani kijijini, kupita Awasi. Mama mkwe alimshukuru Mungu mbele ya watu wote kwamba hakuzika tunda.

Juzi mwanangu wa kwanza alipata kazi, nikaona wakati umefika apewe saa ya babake. Nilitaka kwanza nijue thamani yake, asije akachezewa na wajanja wa mjini. Fundi wa zamani alikwisha kuhama, kwa hiyo nikaipeleka kwa mwingine, mzee mwenye kibanda karibu na soko. Aliweka kioo jichoni, akaifungua, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mama, nani alitengeneza hii saa?"

"Kwa nini, Mzee?"

"Imechanganywa. Uso na mashine ni ya saa moja. Kifuniko ni ya ingine. Mtu anajua saa hawezi kukupa bei ya maana."

Akanionyesha. Kifuniko kina tumbo, na ndani yake kuna mikwaruzo ya duara, iliyoachwa na kile chuma kizito kinachozunguka katika saa za kujitia ufunguo zenyewe. Lakini ndani ya saa hii hakuna chuma kinachozunguka. "Hii ni ya kutia ufunguo na vidole, kila siku," akasema. "Saa mbili za kampuni moja zilikuwa kwa meza, zikafunguliwa pamoja, fundi akachanganya vifuniko. Hutokea, Mama."

Nikamwambia labda mume wangu mwenyewe alibadilisha mashine. Nilikuwa natafuta pa kutokea. Lakini asubuhi ile alipoondoka saa ilikuwa imesimama, na aliitikisa mbele yangu ikaanza. Hii nimeitikisa mpaka mkono ukachoka, wala haikusogea. Basi mume wangu aliondoka na mashine yake, na kifuniko cha mtu mwingine. Na mtu huyo mwingine, aliyekuwa na kifuniko cha mume wangu, ndiye tuliyemzika.

Namjua mwanamke aliyepoteza mume katika motaboti ile ile. Ni mama Mkikuyu anayeuza viazi mtaa wa Mamboleo. Wake hakupatikana kamwe. Alikuja mazishini kwetu, akashika udongo wa kaburi akaniambia, "Wewe umebarikiwa, umepata wako." Wiki iliyopita nilikwenda kwake, saa nimeifunga kwenye leso. Nikanunua viazi ambavyo sikuvihitaji, nikamuuliza kama mumewe alikuwa na saa.

"Ya dhahabu," akasema. "Kila asubuhi kabla ya chai anatia ufunguo, krr, krr, mpaka nagombana na yeye. Sasa nikiamka bado naisikia, na hakuna saa kwa nyumba."

Leso sikuifungua. Nilirudi Kaloleni na viazi vyangu.

Tangu hapo naogopa. Nikienda nyumbani, namkuta mama mkwe kaburini akimsalimia mwanawe, akimwambia habari za ng'ombe na wajukuu, nami nasimama nyuma yake nikijua anazungumza na mgeni. Mume wangu namwota amesimama langoni, nguo zinachuruzika maji. Namwambia aingie. Anasema kuna mtu ndani.

Nikisema, kaburi litafukuliwa, na bibi yule mzee atazika yago aliyomshukuru Mungu kwa kuiepuka. Sidhani moyo wake utastahimili. Nikinyamaza, mama wa Mamboleo atakufa bila kujua kwamba mumewe amelala kwetu, akiitwa kwa jina la mtu mwingine.

Sasa shemeji zangu wamenunua saruji. Watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, kaburi litajengwa, na wamesema mimi, kama mke, ndiye wa kuchagua maneno ya kuandikwa juu yake. Wasomaji wenzangu, hasa mliofiwa, nawaomba ushauri wenu: niwaambie waandike nini?