Tata na konokono yenye shaba

Leo tata, baba yangu, amepima konokono na mashini ya depo yake ya kununua mawe ya madini. Ndiyo, ile ya kupima shaba mu mawe!

Kosa ni yangu.

Mama alikuwa anakanyaga konokono zenye zinakulaka mboga mu bustani yake ya lengalenga. Mi nikajifanya mwalimu: "Mama, konokono inawekaka shaba mu maini yake."

Tata akaruka: "Usikanyage tena!"

Akapima. Shaba iko kweli! Akaanza kutafuta mufuko ya kutiamo konokono, akauzishe.

Mama akamuambia:
"Hiyo shaba ilitoka mu lengalenga yangu. Na weye jana ulikula sahani mbili."

Kisha akaelekeza mashini ku tumbo ya tata.

Tata akakimbia mpaka barabarani.

Sijui aliogopa mashini ao jibu yake. Weye ungekubali kupimwa?