Pirogi ya Baba Ndani ya Makumbusho

Wakati Wabelgiji walipokuwa bado wanauita mji wetu kwa jina lao, watu wa bandari ya Kisangani walifungua makumbusho ya safari za mtoni ndani ya ghala moja la zamani. Mji mzima ulizungumzia jambo hilo. Mama yeye alikuwa na wasiwasi mmoja tu: pirogi ya marehemu baba, mtumbwi wake wa gogo moja, ilikuwa mle ndani. Tonton, mdogo wake baba, ndiye aliyewapa watu wa makumbusho, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuipigia kasia, na aliahidiwa kwamba itatunzwa vizuri.

"Wako naimwagia maji?" mama aliniuliza kila nilipovuka mto kwenda kumwona nyumbani kwetu Lubunga. "Pirogi ikikauka, inapasuka."

Mimi nilikuwa nimeolewa Mangobo, upande wa mjini, na nilijiona mtu wa mjini kabisa. Nikamwambia wenye makumbusho wanajua kazi yao. Akaguna tu.

Jumapili moja nikampeleka. Alivuka mto na kibuyu kikubwa kilichofungwa kwenye kitambaa, nami nikadhani ni maji ya kunywa njiani.

Sijawahi kushangaa vile maishani mwangu. Kulikuwa na nanga ndefu kunizidi, na meli ndogo ndani ya kioo, imetengenezwa pamoja na vyumba vyake vyote, hata ngazi ambazo panya asingeweza kuzipanda. Ukuta mmoja ulichorwa mto wote, kuanzia maporomoko yetu hadi baharini. Nilisimama pale mdomo wazi. Maji niliyofulia nguo tangu utotoni yalikuwa na safari ndefu kiasi kile, na hakuna aliyewahi kuniambia! Nilitamani kumshika mgeni yeyote mkono nimwonyeshe.

Mama alikuwa amekwisha kunipita. Pirogi ya baba ilikuwa mwisho wa chumba, juu ya magogo mawili, imepakwa mafuta ikang'aa. Nilizaliwa ndani yake, katikati ya mto, kwa kukosa subira ya kufika kwa mkunga. Sasa harufu ya samaki na moshi ilikuwa imetoka yote. Mama akafungua kibuyu, akaanza kumwaga maji ya mto ndani yake, taratibu, kuanzia nyuma kwenda mbele.

Mlinzi, mzee mmoja wa Maniema mwenye kofia nyeupe, akaja mbio na kitambaa mkononi.

"Alors, mama, unafanya nini? Hapa maji hapana!"

"Papa, iko nakauka. Mutairudisha ku maji siku gani?"

Mzee akapunguza sauti. "Mama, kitu ya hapa hairudi tena. Iko ya kuangalia tu."

Ndipo tukasikia matone. Maji yalikuwa yanatokea chini, kwenye ufa uliokwenda hadi karibu na ncha ya mbele. Mama akainama, akaingiza kidole kwenye ufa ule. Roho iliniuma sana.

Lazima nieleze kuhusu baba. Kila aliporudi, kabla pirogi haijagusa nchi kavu, aliita, "Muko?" Mmoja wetu alipaswa kujibu, "Tuko!" Asipojibiwa, alibaki majini hata kama mvua inanyesha, nasi tulimcheka sana kwa hilo. Baba alifia hospitali, upande wa mjini. Tonton aliirudisha pirogi Lubunga peke yake, kimya, na nyumbani kwetu hakuna aliyejibu kitu, kwa sababu hakuna aliyeita. Kwa mama, pirogi ile haikuwa imefika bado.

Sasa akainuka, akaweka kiganja kwenye ncha ya pirogi.

"Muko?" akaita, akivuta sauti vilevile kama baba.

Wageni wote wakageuka, hata Wazungu waliokuwa wakitazama ile meli ndani ya kioo. Kwanza niliona aibu, mimi na viatu vyangu vya Jumapili. Kisha nikamkumbuka baba majini, mvua ikimnyeshea. Ghala lile lilikuwa kimya, na mbele yangu, juu ya magogo, baba alikuwa anasubiri kushuka.

"Tuko!" nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Mama akaondoa mkono wake kwenye pirogi. Akachukua kitambaa cha mlinzi, akapiga magoti, akaanza kupangusa sakafu.