Kitenge Kinachobaki Mkekani

Nakumbuka asubuhi ambayo shangazi yangu aliniinua kwenye mkeka wa matanga ya baba yangu, mwanangu, mbele ya watu wote, nikatamani ardhi inifiche. Leo Shangazi huyo ndiye tuliyemzika. Tumekaa uani kwake hapa kambini Nakivale, na wewe, mjukuu wake uliyelelewa naye tangu ukiwa mdogo, umekaa kando yangu ukisema hutarudi koleji mpaka matanga yaondolewe. Mtihani wako ni wiki ijayo. Mimi si mtu wa kubishana mbele za watu, na sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Kwa hiyo nakuandikia.

Baba alipofariki nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nasoma kwenye koleji hiyohiyo ya sera za umma unayosoma wewe, ila ungeiona wakati ule usingeitambua. Ninyi mna jengo lenu Kakiika, mjini Mbarara, mna maktaba, na wageni wanakuja kutoka nchi nyingine kusoma hapo. Sisi tulisomea vyumba vya kupanga kule Kamukuzi, juu ya duka la mabati. Mteja akija, mabati yaliburuzwa sakafuni chini yetu, na mwalimu alisimama na chaki mkononi mpaka kelele ziishe. Halafu alituuliza, "Nilikuwa nimefika wapi?" Mara nyingi hata sisi hatukujua.

Hapa kambini hawakuelewa nasomea nini. Nilipoulizwa, nilisema najifunza jinsi serikali inavyoamua bomba la maji lipite wapi, nani apate kwanza na nani asubiri. Jirani yetu, Mzee Bahati, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Basi wewe ni Waziri wa Maji! Waziri, jerikani yako iko fasi gani?"

Tangu siku hiyo nikaitwa Waziri. Nilienda kisimani nikiwa Waziri, nilipalilia maharagwe nikiwa Waziri. Nilizoea.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Kulikuwa na somo la takwimu lililonishinda. Wenzangu waliona maana katika zile namba, mimi niliona mchwa wanatembea kwenye karatasi. Mtihani wa somo hilo ulipokaribia, nilikuwa siwezi kula. Ndipo ikaja simu kwamba Baba amefariki.

Nilimlilia kwa kweli, mwanangu. Ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani kila nilipokwenda Mbarara, akinibebea begi kichwani, na hakukubali kamwe nilibebe mwenyewe hata alipoanza kukohoa. Lakini unajua desturi ya ukoo wetu. Watoto wa marehemu hukaa mkekani mpaka wazee waondoe matanga, na mfiwa haulizwi kitu. Hakuna anayemtuma. Hakuna anayemwambia simama. Nilipokaa pale siku ya kwanza nilikuwa na huzuni tu. Siku zilizofuata nilianza kuona kwamba mkeka ule ulikuwa pia na kivuli kizuri cha kujisitiri.

Mwenzangu wa darasani alikuwa akinipigia simu. Kila ilipolia niliisukuma chini ya kitenge changu. Nilidhani hakuna anayeona. Shangazi aliona. Yeye ndiye aliyekuwa dada mkubwa wa Baba, na kwetu dada wa marehemu ndiye mwenye mkeka: ndiye anayesema nani akae wapi na nani ainuke.

"Nani huyo anakuita na unamukimbia?" akaniuliza.

"Watu wa masomo, Shangazi."

"Banataka nini?"

"Kesho kutwa kuna mtihani. Lakini mimi ni mfiwa."

Akanigeukia. Alikuwa na macho mekundu ya kulia, hakuwa amelala vizuri tangu kifo.

"We binti, unalilia baba yako, ao unalilia mutihani?"

Mzee Bahati alikohoa kikohozi kisichokuwa na kifua. Vyote viwili vilikuwa kweli, na sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na machozi ya namna mbili katika jicho moja.

"Baba yako ni ndugu yangu," Shangazi akaendelea, taratibu. "Mimi nilimubeba mu mugongo. Usinifundishe kumulilia. Huu mukeka ni wa kilio, hauko fasi ya kujificha. Simama."

Mama alijaribu kunitetea. "Wifi, matanga hayajaondolewa. Batu batasema nini?"

"Batasema. Bamezoea."

Halafu alifanya kitu ambacho sikukitarajia. Alichukua kitenge kilichokuwa mabegani mwangu, akakikunja, akakiweka palepale nilipokuwa nimeketi. Wazee waliijua desturi hiyo. Ilikuwa ya mama anayenyonyesha, kwamba mtoto akimlilia nyumbani anaweza kwenda, akaacha kitenge chake, na nafasi yake katika kilio haikaliwi na mtu. Lakini hakuna aliyewahi kuitumia kwa ajili ya mtihani.

"Fasi yake ndiyo hii," Shangazi akawaambia wazee. "Huyu naye ana kitu kinamulilia. Akirudi, ataendelea."

Mzee mmoja alitingisha kichwa, akanung'unika kwamba mtihani si mtoto mchanga. Shangazi akamuuliza kama angependa aende amuulize marehemu. Baadaye, darasani, waliponifundisha jinsi kanuni ya zamani inavyopanuliwa ili iguse watu ambao haikuwafikiria, wenzangu waliandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimeshaiona kwa macho.

Mzee Bahati akaleta baiskeli yake. "Panda, Waziri. Serikali haifungwi kwa matanga."

Ningependa kukuambia kwamba nilifaulu. Ingekuwa hadithi tamu zaidi, na wengi huisimulia hivyo kwa niaba yangu. Sikufaulu. Masomo mengine nilipita, takwimu nilianguka, na nilijua hata kabla sijatoka chumbani. Nilirudi Nakivale nikakuta kitenge changu mahali pake, kimelowa umande, na kuku amekikanyaga. Nikakiinua nikaketi.

"Umefanya?" Shangazi aliuliza.

"Nimefanya. Nadhani nimeanguka moja."

"Hata baba yako alikuwa anaanguka na baiskeli. Sasa lia."

Nikalia. Safari hii nilimlilia Baba peke yake, na nilisikia tofauti. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Mimi nasema hata kuanguka kwenyewe kunavumilika, mtu akijua ameangukia njiani na si uvunguni mwa kitanda.

Muhula ulipofunguliwa nilikwenda kwa aibu kubwa, nikadhani mimi ndiye mzigo wa koleji. Mkuu wa koleji, mama mmoja mfupi asiyependa hotuba, alitukusanya kwenye chumba kikubwa. Akasema wakaguzi walikuja wakati wa likizo, wakaangalia vyumba, vitabu na walimu, wakasema koleji bado haijatosha kupewa kibali kamili. Iombe upya.

"Kwa hiyo," akasema, "kuna wanafunzi hapa wana somo la kurudia. Na mimi nina koleji nzima ya kurudia. Tuanze kazi."

Tulicheka, mwanangu, lakini wengine tulikuwa tunafuta macho. Mabati yakaburuzwa chini, naye akangoja, kisha akagawa kazi.

Hivyo ndivyo koleji yenu ilivyokua. Sikuona muujiza wowote. Niliona kabati la vitabu likiongezwa, kisha chumba cha pili, kisha mwalimu aliyekwenda kusoma zaidi akarudi kweli. Niliona mlango ukifunguliwa kwa watoto wa kambini waliokuwa na vyeti vya Kongo vya Kifaransa, ambavyo mwanzoni vilirudishwa dirishani bila kusomwa. Kikao hadi kikao, mwaka hadi mwaka. Kibali kilipokuja mimi nilikuwa nimeshamaliza, kwa alama za kunusurika. Sikuwa waziri. Nilikuwa katika kamati ya maji ya kijiji chetu hapa, na bomba lile unalochotea nilikuwapo ilipojadiliwa lipite wapi. Inatosha.

Sasa nije kwako. Sijui kama unauogopa mtihani wako. Sikuulizi, maana mimi niliulizwa mbele ya watu na najua inavyouma. Jiulize mwenyewe, ukiwa peke yako. Ukikuta ni huzuni tu, huzuni haitakuzuia kushika kalamu. Mimi nimepika, nimelima na nimekaa vikaoni nikiwa nayo. Ukikuta kuna hofu pia, usiione kuwa ni dhambi, ila usiivalishe nguo za msiba. Marehemu hapendi kufanywa ukuta. Na usidhani kwenda ni kumtupa bibi yako. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Bibi yako hakutuchelea, na ndiyo maana leo tunamlilia bila deni la moyo.

Nenda ukafanye. Ukifaulu, rudi. Ukianguka, rudi vilevile, halafu muhula ukifunguliwa uende tena.

Kwa kuwa Shangazi hayupo, wala hakuna dada yake aliyebaki, mwenye mkeka sasa ni mimi. Kesho baada ya uji nitakuinua. Sitasema maneno mengi, sina ulimi wake. Watu watasema. Wamezoea.

Mungu aliyetuvusha kutoka Kivu akutangulie hadi Mbarara. Akupe kichwa kitulivu na mkono usiotetemeka, na akurudishe ukiwa mzima. Kitenge chako kiache hapa mkekani. Umande na kuku nitavikinga mimi.